Vita Huanzia Ghalani



Siku moja, katika somo la habari za kale, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Kariakoo maana yake nini?" Wenzake wakacheka, maana katika Dar es Salaam hakuna asiyeijua Kariakoo: ni sokoni, ni mahali pa kununua vyakula na nguo. Lakini kijana yule hakuuliza habari za mahali. Aliuliza maana ya neno. Nikamjibu kwamba jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyokuwa jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi katika vita vya mwaka wa 1914 hata 1918. Kwamba hapo ndipo palipokuwa kambi yao. Na kwamba mji wa Nairobi nao una mtaa wa jina hilo hilo, Kariokor. Akafikiri kidogo, kisha akauliza tena: "Jeshi lenye manowari na mizinga, lilitaka wapagazi wa nini?"

Swali hilo la pili ndilo nitakalolijibu leo. Watu wengi wakisoma habari za vita hutazama majina ya majemadari, siku za mapigano, na nani alishinda. Hayo ni mema kuyajua. Lakini liko jambo lililo chini yake, kama msingi ulivyo chini ya nyumba: vita vya watu hufuata kazi zao. Niambie watu wanapataje chakula, wanatengeneza vyombo gani kwa mikono yao, na mizigo yao huchukuliwa na nini, nami nitakuambia watapigana namna gani, watapigana siku ngapi, na nani atakayelipa gharama.

Tuanze na vita vya watu wa jembe. Katika nchi zetu nyingi zamani, mkulima na mpiganaji walikuwa mtu mmoja. Mkono ulioshika jembe wakati wa mvua ndio ulioshika mkuki wakati wa kiangazi. Kwa hiyo vita vilikuwa na msimu wake, kama mtama ulivyo na msimu wake. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, na mito ikipungua maji, vijana waliweza kutoka. Mvua zikikaribia iliwapasa kurudi, maana asiyepanda hatavuna. Palipokuwa na mfalme mwenye ng'ombe wengi na wenye kumlipa kodi, yeye aliweza kulisha vijana wachache siku zote bila ya kulima. Naye alipigana mbali zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko jirani zake.

Mfano mzuri ni Mkwawa wa Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, watu wake waliliangukia jeshi la Wajeremani lililoongozwa na Zelewski, wakamwua yeye na askari wake wengi. Wakapata bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga. Mtu angeweza kudhani kwamba tangu siku ile Wahehe walikuwa sawa na Wajeremani kwa silaha. Walakini haikuwa hivyo. Bunduki ina njaa yake, na chakula chake ni risasi. Wahehe walikuwa na wahunzi hodari wa kufua mikuki, lakini hawakuwa na kiwanda cha risasi. Na kila risasi waliyoipiga ilikuwa imepungua katika hesabu isiyoongezeka. Wajeremani waliopoteza bunduki 300 waliagiza nyingine kwao, zikaja kwa meli. Mwezi wa Oktoba 1894 walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Hata hivyo Mkwawa hakushikwa. Alipigana porini karibu miaka minne zaidi, akilishwa na watu wake, hata akafa mwaka wa 1898. Ngome yake ilivunjwa kwa mizinga kwa siku chache. Lakini vita vyake viliendelea muda wote watu walipoweza kumpelekea chakula.

Jambo hilo Wajeremani hawakulisahau. Mwezi wa Julai 1905 watu wa milima ya Umatumbi waliing'oa mimea ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tazameni jinsi vita hivyo navyo vilivyotoka katika kazi: chanzo chake kikubwa kilikuwa siku za mkulima zilizochukuliwa kwa pamba ya mtu mwingine, naye ana shamba lake la chakula linalomngoja. Vikaenea kusini yote. Serikali ya Wajeremani ilipoona kwamba askari wake ni wachache kwa nchi kubwa namna ile, ilichagua adui mwingine badala ya mpiganaji. Ilichagua ghala. Vijiji vilichomwa moto, mazao yaliharibiwa mashambani, akiba zikachukuliwa. Hesabu ya waliokufa haikubaliwi na wote: wengine hutaja 75,000, wengine hupita 250,000, lakini wote hukubali kwamba wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Ghala ilikuwa ndiyo nguvu ya watu wa jembe. Basi ndiyo iliyopigwa.

Sasa tuvuke bahari twende Ulaya, tuone vita vya watu wa kiwanda na reli. Huko, katika miaka mia moja iliyotangulia mwaka wa 1914, kazi zilikuwa zimegeuka kabisa. Chuma kilichimbwa na kuyeyushwa kwa wingi, nguo zilifumwa kwa mashine, na gari la moshi lilichukua kwa siku moja mzigo ambao farasi wangeuchukua kwa majuma. Na kazi zilipogeuka, vita navyo viligeuka. Mwaka wa 1870 Wajeremani walipopigana na Wafaransa, walipeleka majeshi yao mpakani kwa reli upesi kuliko adui zao, na jambo hilo liliwasaidia sana kushinda. Mwaka wa 1914 mataifa yote makubwa ya Ulaya yalifanya vivyo hivyo, na mamilioni ya watu walifikishwa vitani katika majuma machache.

Lakini reli iliyowaleta ndiyo iliyowazuia kuondoka. Kila upande uliweza kuleta watu wapya, mkate na risasi kila siku, wala mavuno na mvua havikuwalazimisha tena kurudi nyumbani. Basi wakachimba mahandaki wakakaa humo miaka minne. Kabla ya pigano la mto Somme, mwaka wa 1916, mizinga ya Waingereza ilitupa makombora yapatayo milioni moja na nusu kwa muda wa juma moja tu. Makombora hayo yalitengenezwa kwa mikono, na mikono mingi ilikuwa ya wanawake, mamia ya maelfu, walioingia viwandani mahali pa waume na ndugu zao. Hivyo katika nchi ya viwanda hakuna tena aliye nje ya vita: afuaye chuma na ashonaye viatu ni watu wa jeshi, ijapokuwa hawajashika bunduki.

Wala msidhani kwamba viwanda viliiondoa habari ya ghala. Manowari za Waingereza ziliifunga bahari, na katika majira ya baridi ya mwaka wa 1916 na 1917 watu wa miji ya Ujeremani, nchi yenye maarifa mengi ya mashine, walikula mizizi waliyozoea kuwalisha wanyama. Mjeremani wa mjini na Mmatumbi wa milimani walitofautiana kwa mambo mengi. Mbele ya ghala tupu walikuwa sawa.

Haya, sasa tumefika penye swali la mwanafunzi wangu. Itakuwaje vita vya watu wa kiwanda vikiletwa katika nchi ya watu wa jembe? Mwezi wa Agosti 1914 ndivyo ilivyotukia kwetu.

Wakati ule Afrika ya Mashariki ilikuwa na reli tatu kubwa. Moja ni ya Waingereza, toka Mombasa hata ziwa la Viktoria, iliyofika huko mwaka wa 1901. Mbili ni za Wajeremani: moja toka Tanga hata Moshi, na nyingine toka Dar es Salaam hata Kigoma, iliyomalizika mwaka ule ule wa 1914. Tukitazama ramani tutaona kwamba vita vilifuata reli hizo kama maji yafuatavyo mfereji. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 toka Bara Hindi, wakashuka Tanga. Wajeremani walikuwa kama 1,000 tu. Lakini jemadari wao, Lettow-Vorbeck, aliwaleta askari wake toka upande wa Moshi kwa gari la moshi, wakawahi, wakashinda. Waingereza nao wakajenga reli mpya toka Voi kuelekea Taveta, na mwezi wa Machi 1916 jeshi la jemadari Smuts likaingia Moshi kwa nguvu ya reli hiyo. Mwezi wa Septemba mji wa Dar es Salaam ukatwaliwa.

Huko kusini ya reli ya kati mambo yakageuka, maana hapakuwa na reli tena, wala barabara njema. Malori yalizama katika matope. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi waliumwa na mbung'o, wakafa maelfu kwa maelfu. Farasi wengi hawakudumu ila majuma machache. Basi jeshi lenye mizinga iliyotengenezwa na mashine bora za ulimwengu likajikuta halina cha kuichukulia mizinga hiyo, wala unga wa askari wake. Ndipo lilipotazama huku na huku, likaona chombo kimoja tu kilichobaki. Chombo hicho kilikuwa kichwa cha mtu.

Wanafunzi, chukueni ubao tufanye hesabu. Mpagazi mmoja anachukua ratili 50 za chakula. Yeye mwenyewe anakula ratili 2 kila siku. Mwendo ni siku 10 kwenda na siku 10 kurudi. Katika siku 20 amekula ratili 40; zimebaki 10. Ratili hizo 10 zinamtosha askari mmoja siku 5. Sasa ongezeni mwendo uwe siku 12 na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Amekula ratili zote 50, naye hakufikisha hata konzi moja ya unga. Hesabu hii ni ya darasani, maana katika vita wapagazi walipokezana njiani kwa vituo. Lakini kupokezana hakuondoi tumbo la mtu. Kila jeshi lilipozidi kuwa mbali na reli, ndivyo wapagazi walivyozidi kutakiwa, na hao wapagazi wakataka wapagazi wengine wa kuwachukulia chakula wao.

Hiyo ndiyo sababu watu walitakiwa bila ya kikomo. Katika nchi ambayo sasa ni Kenya sheria ya kuwalazimisha watu kuingia katika kazi hiyo ilitolewa mwaka wa 1915, na mwaka wa 1917 vijana walikusanywa kwa wingi kupita kwanza. Machifu walipewa hesabu ya watu wa kutoa. Wengine wakakimbilia porini, wengine wakakamatwa usiku. Inakadiriwa kwamba kwa muda wote wa vita Waingereza waliandika wapagazi wapatao milioni moja, toka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa na kwingineko. Wajeremani nao walichukua wao, mara nyingi bila ya kuwaandika jina wala malipo.

Watu hao hawakuuawa hasa na risasi. Mtu wa Uganda aliyezoea ndizi alipewa unga wa mahindi asiojua kuupika; aliupika nusu kwa kukosa kuni na nafasi, akapata ugonjwa wa kuhara damu. Mtu wa milima ya baridi alipelekwa katika mabonde ya Rufiji, akashikwa na homa. Walilala katika mvua bila ya hema, na asubuhi mzigo ulikuwa pale pale. Hesabu za serikali ya Waingereza zilionyesha wapagazi waliokufa wapatao 95,000, na wengi waliochunguza habari hizo huamini kwamba walizidi 100,000. Askari wa upande huo waliokufa katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki walizidi kidogo 10,000. Maana yake, kwa kila askari mmoja aliyekufa, walikufa wapagazi tisa hivi. Huko Ulaya mzigo wa vita vya kiwanda ulikuwa juu ya magurudumu ya chuma. Hapa ulikuwa juu ya shingo ya mtu, na shingo ikavunjika.

Ni haki tuseme habari za upande wa pili pia. Wajeremani walifungiwa bahari, na katika miaka yote ile meli mbili tu za kuwaletea silaha zilipenya. Basi wakajifundisha kutengeneza kwa mikono vitu vilivyokuwa vikitoka Ulaya. Amani, katika Usambara, walitengeneza kwinini kwa maganda ya miti waliyoipanda huko. Nguo zilifumwa kwa pamba ya nchi, na viatu vilishonwa kwa ngozi za nchi. Tabora, katika karakana ya reli, walipiga sarafu za shaba, na za dhahabu yenye picha ya tembo, mwaka wa 1916. Manowari yao Königsberg ilipozamishwa katika Rufiji, mwezi wa Julai 1915, waliitoa mizinga yake 10, wakaitia magurudumu, wakaivuta nchi kavu. Akili hiyo ni ya kustaajabisha. Lakini reli zilipowatoka, na mashamba yakabaki nyuma, nao walirudi katika desturi ya kale: wakala chakula cha mwenye nyumba. Mwishoni mwa mwaka wa 1917 walivuka Ruvuma wakaingia nchi ya Wareno, wakiishi kwa ghala za watu na bohari za adui.

Nao wenye nyumba walifanyaje? Tutazame Ugogo. Majeshi ya pande zote mbili yalipita huko, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume waliokuwa wa kulima. Kisha mvua zikakosekana. Katika miaka ya mwisho wa vita ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu wengi mno walikufa, na wengine wakatawanyika wasirudi. Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, na Lettow-Vorbeck akaziweka silaha zake Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 mwezi ule ule. Lakini Ugogo njaa haikusaini mkataba na mtu.

Pengine msikilizaji atasema, "Mwalimu, umetuonyesha kwamba mwenye mali hushinda." Hapana, sikusema hivyo. Tanga walishinda wachache. Na Lettow-Vorbeck, aliyekuwa maskini wa kila kitu, hakushikwa mpaka vita vikaisha. Mali haimpi mtu ushujaa wala busara. Nilichosema ni kwamba kazi za nchi huamua namna ya vita, na huamua mzigo utaangukia bega la nani.

Utazameni mwaka wa 1941. Majeshi ya Waingereza, pamoja na askari wengi wa Afrika, yalitoka Kenya kwenda kupigana na Waitalia katika Somalia na Uhabeshi. Mogadishu ulitwaliwa tarehe 25 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Siku 40 kwa mwendo ambao wapagazi wasingeuweza kwa miezi mingi. Walikwenda kwa malori, na katika Mogadishu walikuta akiba kubwa ya petroli iliyoachwa na adui. Miaka 25 tu imepita tangu matope ya Rufiji, na kichwa cha mtu kimepumzishwa. Je, mwanakijiji alipumzika? Si kabisa. Wajapani walipozitwaa nchi za mashariki mwaka wa 1942, katani na mpira wa huko vilikosekana, na watu wa Tanganyika wakalazimishwa kwa sheria kwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani na mpira. Mzigo ulitoka kichwani ukaingia shambani. Vita vilikuwa vimegeuka, kwa kuwa kazi zimegeuka. Lakini mlango wa mkulima ulibishwa hodi vile vile.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu kwa maneno machache. Jeshi lenye manowari lilitaka wapagazi kwa sababu manowari haipandi mlima, na kwa sababu waliotutawala walileta vita vya nchi ya reli katika nchi ambayo hawakuwa wameijengea reli ila tatu. Upungufu huo ulilipwa, nao ulilipwa kwa watu.

Mjini Dar es Salaam iko sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka wa 1927. Ni sanamu nzuri, tena ni haki iwepo. Lakini majina ya wapagazi hayakuandikwa makaburini. Mwaka wa 2021 halmashauri ya Jumuiya ya Madola iangaliayo makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa; ikaomba radhi. Imechukua zaidi ya miaka mia moja.

Basi nawapa kazi, ninyi wanafunzi na ninyi wazee mnaosikiliza. Waliobeba mizigo ile wote wamekwisha kufa, lakini wajukuu na vitukuu wao wapo. Ulizeni nyumbani kama yuko babu aliyekwenda "Kariakoo" asirudi. Mkipata jina, liandikeni katika daftari, pamoja na jina la kijiji chake. Na kila mtakaposoma habari za vita, vya hapa au vya mbali, mkiisha kuuliza jemadari alikuwa nani, ulizeni pia: chakula chake kilitoka ghala ya nani, na nani aliyekichukua?